Chelewa Iwe ya Keki Tu

Wazazi wenzangu, hasa ninyi mnaooka uani huku watoto wa nyumba nzima wamewazunguka,

Keki ya makaa haina siri kubwa. Sukari na siagi unazipiga kwa mwiko mpaka mkono uchoke na rangi igeuke nyeupe, mayai unayatia moja moja, hiliki usiifanyie ubahili. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Wenye oveni za gesi mtanisamehe, lakini mimi keki isiyonukia moshi kidogo naiona kama ya dukani. Ukidhani imeiva, unachomoa njiti moja ya chelewa kwenye ufagio mpya (mpya, tafadhali), unaiosha, unaichoma katikati ya keki. Ikitoka kavu, epua. Ikitoka na unga, funika, wala usiwe mtu wa kufunuafunua, maana keki iliyofunuliwa mapema hudidimia katikati na hakuna dua ya kuinyanyua.

Sasa, njiti hiyohiyo ya chelewa, katika nyumba nyingi za kwetu, ina kazi ya pili.

Miaka michache iliyopita, siku moja kabla ya Idi, tuliishiwa mayai. Nikajitanda kanga nikaenda dukani, nikamwachia jiko jirani yangu wa chumba cha pili. Niliporudi nilimkuta mwanangu wa miaka saba analia, na nyuma ya mguu ana mistari miwili myembamba iliyovimba. Sikuuliza kitu. Nilimwambia yule mama maneno ambayo siyaandiki hapa, la mwisho likiwa kwamba wa kwake wamemshinda ndiyo maana anahangaika na wangu. Watoto wote wanasikiliza. Mayai bado nimeyashika.

Usiku mtoto mwenyewe akanieleza. Alitaka kuona keki imefikia wapi, akaunyanyua mfuniko kwa pindo la shati. Makaa yakamwagika, yakaangukia hatua moja tu kutoka alipokuwa mdogo wake, aliyekuwa bado anatambaa. Jirani akamnyakua mdogo, akayasukumia makaa pembeni kwa kandambili, na katika kihoro kilekile akamgeukia mkubwa na chelewa aliyokuwa anapimia keki.

Basi mtu huyu alimwokoa mwanangu mmoja na kumchapa mwingine, yote kabla sijarudi na mayai. La kuchapa nilikuwa na haki ya kulikasirikia. Kosa langu ni kwamba sikutaka hata kusikia kama kulikuwa na la kwanza. Tulikaa wiki tatu hatusalimiani, katika nyumba yenye bomba moja la maji. Inachosha sana hali hiyo. Unaisikia ndoo yake, unajibanza chumbani, unangoja amalize ndipo na wewe utoke.

Siwaiti turudi enzi zile ambapo mtu mzima yeyote mtaani alikuchapa, na ukifika nyumbani ukaongezwa. Wanaouhusudu utaratibu ule hukumbuka adabu wakasahau hofu. Mimi navikumbuka vyote viwili. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, lakini hawakusema mkono wa pili ushike nini. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, na inasema kumrekebisha kusikolingana na umri na hali yake hakuna uhalali. Hata shuleni, ambako fimbo bado inaruhusiwa, kanuni za mwaka 2002 zinataka fimbo zisizidi nne, ziwe chini ya mamlaka ya mwalimu mkuu, na ziandikwe daftarini. Uani kwetu nani anaandika?

Ila kuna hatari nyingine, nayo naiogopa zaidi. Siku hizi mtu anamwona mtoto wa mwenzie anachezea waya wa umeme, anapita zake: si wangu huyo, nisije nikatukanwa bure. Kimya hicho hakikuja chenyewe. Kimeletwa na maneno kama yangu ya siku ile.

Kwa hiyo nawaombeni. Wewe unayeoka, watoto wa watu wakiwa jikoni kwako una haki ya kusema nao. Karipia. Mshike mkono anayefuata mfuniko, mtoe uani anayemwaga unga, mrudishe kwao anayepiga wenzake, na uende naye mpaka mlangoni ukaeleze. Anayewasukuma wenzake ili akombe bakuli peke yake, mnyime bakuli. Nimewaona waliolia kwa hilo kuliko kwa kofi. Lakini usimpige. Hata akikujibu vibaya, na wapo wanaojibu.

Na wewe mwenye mtoto, mwenzio akija kukushtakia, mpe kiti. Msikilize mpaka amalize ndipo umwite mtoto, naye umsikilize. Usikimbilie kumtetea, wala usimchape mbele ya mgeni ili uonekane mama mkali, maana hapo unamlipa jirani kwa mgongo wa mtoto. Malalamiko hayo yasipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Hapo ndipo kofi moja hugeuka vita vya koo mbili. Ukiona alama mwilini mwa mwanao, ulizia ilikuwaje, kisha nenda ukaseme: asante kwa kumzuia, ila usimpige tena. Maneno yote mawili, na asante itangulie kama inastahili. Lakini akiwa ameumizwa kweli, hapo tumetoka kwenye habari za keki na ujirani. Mpeleke hospitali, nenda serikali ya mtaa au polisi, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.

Mimi na jirani yangu tulipatanishwa na sahani. Alikuwa ameniletea visheti kabla ya ugomvi, sahani yake ikabaki kwangu, na sahani ya mtu hairudi tupu. Nikaoka, nikakata vipande sita, nikagonga mlango wake nikiwa sijui naanzia wapi. Akaitazama keki, akasema imedidimia katikati. Nikasema nilifunua mapema. Tukacheka, ndipo tukazungumza: wa kwangu amkaripie anavyotaka bila kumgusa, nami wa kwake vivyo hivyo, na nikienda dukani yule anayetambaa niende naye mgongoni.

Sikukuu ijayo ukikata keki, kipande cha jirani usimtume mtoto. Kipeleke mwenyewe, kaa kidogo, umuulize: mwanangu akikosea kwako, ungependa umfanyeje? Naye akuulize wewe. Kama hukuoka keki, hata maandazi manne yanatosha.