Kabla hujalipeleka gari lako uwanjani

Huenda nyumbani kwako kuna kijana ambaye akisikia ngurumo ya Subaru barabarani ni lazima ageuze shingo. Huenda kijana huyo ni wewe mwenyewe, na wenzako wamekwisha kukualika siku moja mkaendeshe magari kwa kasi katika uwanja uliofungwa, mahali pasipo na matatu wala wapita njia. Wazo hilo si baya. Mwenye kiu ya kasi ni heri aikate huko kuliko kwenye barabara kuu ya Thika usiku, ambako anayevuka ni mama wa mtu.

Hata hivyo, gari utakaloenda nalo si gari la mashindano. Ni lile lile linalowapeleka watoto shule Jumatatu asubuhi, na pengine mkopo uliolinunua bado unakatwa kwenye mshahara. Kwa hivyo, kipimo cha siku hiyo si nani amempita nani. Kipimo ni kama wewe na gari mtarudi nyumbani mkiwa wazima. Jambo hilo huamuliwa gereji, juma moja kabla.

Wazee wanaokumbuka Safari Rally watakusimulia habari za Joginder Singh. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika, wala si gari jipya kutoka kiwandani. Alishinda tena 1974 na 1976. Joginder alikuwa fundi aliyelijua gari lake ndani na nje. Gari kuukuu lililotunzwa lilishinda magari mapya.

Anza na breki. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Kulisimamisha gari lililo katika kasi ya kilomita 100 kwa saa ni kazi mara nne ya kulisimamisha likiwa katika kilomita 50. Mjini unakanyaga breki kwa nguvu mara moja moja. Uwanjani unazikanyaga karibu kila kona, bila kuzipa nafasi ya kupoa. Isitoshe, mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta mapya ya DOT 4 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mguu wako utazama hadi sakafuni huku gari likizidi kwenda. Kama hukumbuki yalibadilishwa lini, yabadilishe, na fundi ahakikishe hakuna upepo uliobaki ndani ya mifereji yake. Pedi zikiwa zimelika zaidi ya nusu, weka mpya.

Baada ya breki, tazama tairi. Kuna watu wanaonunua ekzosi ya kunguruma huku tairi zao ni vipara. Ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi hiyo ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Chunguza nyufa na uvimbe, hata upande wa ndani usioonekana kwa urahisi. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, ukifuata kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Zikipata joto upepo utapanda, kwa hivyo uwe na kipimo chako mwenyewe. Kaza nati za magurudumu kabla ya kuanza, kisha zikague tena baada ya raundi za kwanza magurudumu yakishapoa.

Usisahau joto la injini. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na maji katika sufuria iliyo wazi huchemka huku kwa nyuzi 94 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaobana maji yasichemke mapema. Mfuniko uliolegea ni ugonjwa, hata kama gari halijawahi kukusumbua ukienda kazini. Tumia kulanti badala ya maji ya mfereji, na oili ifike kiwango kinachotakiwa.

Ukifika, toa kila kitu kisichofungwa: mwavuli, vitabu, jeki, speya na zulia la miguuni mwa dereva. Chupa ya soda ikibingiria chini ya breki, ustadi wako wote hautakusaidia.

Sasa wewe dereva. Lala mapema, uache pombe tangu usiku uliotangulia, kisha ule na kunywa maji ya kutosha. Vaa nguo za pamba zenye mikono mirefu, kwani nailoni huyeyukia mwilini moto ukitokea. Viatu viwe vya soli nyembamba. Waulize waandalizi ni helmeti ya aina gani wanayokubali. Ya pikipiki si sawa na ya mbio za magari, ambayo kitambaa chake cha ndani hustahimili moto.

Jifunze bendera kabla ya kuwasha injini. Ya njano inasema kuna hatari mbele, punguza kasi wala usimpite mtu. Nyekundu inasema shughuli imesimamishwa. Ya buluu inakuonya kuwa mwenye kasi zaidi yuko nyuma yako. Ile ya miraba myeusi na myeupe inasema muda umekwisha.

Raundi za kwanza nenda polepole uzijue kona. Kanyaga breki gari likiwa limenyooka, kabla hujakata kona, na macho yatazame unakokwenda. Ukihisi breki zimelegea, toka nje ukapumzike. Raundi ya mwisho iwe ya kupoza gari. Ukiegesha, usivute breki ya mkono ilhali breki zina moto. Weka gia na jiwe nyuma ya gurudumu.

Kuna suala moja ambalo vijana wengi hulikwepa. Bima nyingi za kawaida, hata zile kubwa, hazilipi hasara iliyopatikana katika mashindano au majaribio ya kasi. Soma mkataba wako, au mpigie simu wakala wa bima. Ukigonga ukuta wa uwanja, huenda gharama yote ikawa yako. Na ikiwa gari ni la baba au mama, hasara hiyo ni ya nyumba nzima. Kwa hivyo omba ruhusa ukieleza wazi gari linakwenda kufanya nini. Kusema "naenda kutembea na marafiki" si kuomba ruhusa.

Nanyi wazazi, msikimbilie kukataa. Mwende pamoja gereji, mumsikilize fundi. Akisema breki hazifai, kijana na aende kama mtazamaji, na zamu yake itakuja. Mtoto anayekataliwa bila sababu hupata njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni barabara ya umma usiku wa manane.

Mwisho, jihadhari na safari ya kurudi. Baada ya siku nzima ya kasi, kilomita 100 kwa saa huonekana kama 50, na mwili umechoka. Rudisha speya na jeki, sawazisha upepo wa tairi, pumzika nusu saa, kisha uingie barabarani ukijua kwamba huko hakuna bendera wala wasimamizi. Kuna watoto, punda na matatu.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia safari njema.