Mkono wa Gauni na Sala ya Bibi Harusi



Mfunguo mosi umeingia, na dukani kwetu kuna magauni manne ya maharusi yanasubiri kumaliziwa. Jana mama mmoja alikuja kulitazama la mwanawe akatuambia, "Mikono ibaneni zaidi, ipendeze kwenye picha." Tukamjibu kwa adabu kuwa siku hizi hatubani tena. Akashangaa, fundi gani anakataa kazi? Basi tumeona tuwaelezeni na nyinyi, maana jambo lenyewe limeanzia mbali.

Mwanzoni mwa mwaka 2023, kabla ya vita, tulisafiri wanawake saba kwenda kusali Msikiti wa Aqsa. Fedha tulizipata kwa mchezo, miaka miwili tunawekeana. Tulishukia Amman, Jordan, na siku ya pili tukapelekwa Jabal Nebo, mlima ambao Mayahudi na Wakristo wanaamini Nabii Musa, alayhi salaam, alionyeshwa kutoka juu yake nchi takatifu, kisha akafariki bila ya kuingia. Tulisimama pale na upepo wa baridi, chini tunaiona Bahari ya Chumvi, ng'ambo kuna Jericho. Tukaambiana: Mtume wa Allah hakuvuka, sisi mafundi cherehani kesho tunavuka. Tuliona haya.

Tulivuka darajani, tukafika Quds. Mengi ya Aqsa mmeshayasikia kwa masheikh, hatutayarudia. Tutasema tu kwamba uwanja wake ni mkubwa kuliko tulivyodhani, una miti ya mizaituni, na ile Kubba ya dhahabu inayopigwa picha kila siku ni sehemu tu ya eneo hilo. Kubba hiyo imejengwa tangu zama za Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita.

Kutoka hapo tulikwenda Bethlehem. Wakristo wanaamini Nabii Isa, alayhi salaam, alizaliwa kwenye pango lililo chini ya kanisa kubwa la mji ule, na ng'ambo ya uwanja, ukilitazama kanisa, upo Msikiti wa Omar. Qur'ani haikututajia jina la mji, lakini imetutajia hali ya mama yake. Wengi wetu tunaisoma Surat Maryam na tunaijua: uchungu umemshika peke yake, hana mkunga wala somo, amejishika kwenye shina la mtende, na maneno ya watu yanamsubiri. Mwanamke huyo alilelewa kwenye mihrabu, na heshima yake yote ilianzia kwenye ibada. Pambo tusilolikosa sisi yeye hakuwa nalo hata moja.

Na kwa kuwa sisi ni mafundi, hatukuweza kupita Bethlehem bila ya kutazama nguo. Maharusi wa mji huo, Waislamu kwa Wakristo, zamani walivaa gauni lililotariziwa kwa nyuzi za hariri na za dhahabu, likiitwa "malak", yaani la kifalme. Utarizi wa Wapalestina uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021. Tulilishika lile gauni, tukaligeuza ndani na nje kama kawaida yetu. Kazi nzito, lakini mikono yake ni mipana, imeshuka kama bawa. Mwenye kuivaa akitaka anaikunja mpaka juu ya kiwiko. Wakati ule tuliona ni mtindo tu.

Siku iliyofuata tulikwenda Al-Khalil, kwenye Msikiti wa Ibrahimi, panapoaminiwa kuwa na makaburi ya Nabii Ibrahim na Bi Sara, Nabii Is-haka na Nabii Yaqub. Tarehe 25 Februari 1994, alfajiri ya Ramadhani, Waislamu 29 waliuawa pale wakiwa kwenye sala. Baada ya hapo jengo likagawanywa, upande wa Waislamu na upande wa Mayahudi, na njia ya kuingilia ikawekwa mageti ya chuma na askari.

Getini tulimkuta bibi mtu mzima mwenye fimbo. Mwenzetu anayejua Kiarabu alimuuliza kama anakuja kila siku. Akasema anakuja, na hutoka nyumbani mapema akiwa na udhu wake, kwa sababu hajui watamweka getini muda gani na hataki sala impite.

Tulinyamaza. Kila mmoja wetu aliwakumbuka maharusi aliowashonea.

Tuseme kweli, wapenzi. Bibi harusi wetu anakaa kwa mpambaji tangu Alasiri. Kope za bandia, kucha za bandia, mekapu ya bei, kisha gauni ambalo mkono wake haupandi hata juu ya kifundo. Magharibi inaadhiniwa, hakuna anayemwambia kitu. Isha inampita yuko ukumbini. Bwana harusi anasali, maana akidi inafungwa msikitini. Anayekosa ni mwanamke, usiku ambao kila mtu anamuombea baraka. Bibi wa Al-Khalil amewekewa geti na askari. Geti la bibi harusi wetu tumelishona wenyewe, tukalipwa.

Kuna watakaosema ni siku moja tu, na bibi harusi ni mtoto, hana kauli siku hiyo. Hilo la pili tunakubali, na ndiyo maana hatumlaumu yeye. Wa kulaumiwa ni sisi tuliomzunguka: fundi, mpambaji, mama, shangazi, somo. Somo anafundisha mengi ya unyumba. Aongeze na hili.

Basi sisi tumeanza kwetu. Kila gauni la harusi tunalishona mkono wenye zipu au vifungo mpaka kwenye kiwiko, bila ya kuongeza bei. Mpambaji aulizwe mapema: sala ya bibi harusi itakuwa saa ngapi? Kucha za bandia ziachwe, hina yetu inatosha na haizuii maji. Na asiye na udhuru atie udhu kabla hajakaa kwenye kiti cha kupambwa, autunze kama yule bibi, Magharibi imkute tayari.

Tangu vita, safari ile imekuwa ngumu, na wengi waliotamani kwenda bado wanasubiri. Lakini mswala uko nyumbani kwa kila mtu. Yule mama wa jana tulimsimulia haya. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Haya, tieni hiyo zipu."

Allah awabariki maharusi wetu wote. Amin.