Dawa Ikikawia Isiachwe



Mwezi huu twataka kusema na watu wa nyumba zenye mgonjwa wa maradhi ya muda mrefu, na hasa mgonjwa wa ile saratani ya damu iendayo polepole. Si maradhi ya kila mtaa, lakini hapa kwetu Tunduma yapo, na nyumba yanayoingia huona taabu mbili: taabu ya maradhi yenyewe, na taabu ya maneno ya watu. Taabu hii ya pili huzidi pale mgonjwa anapomeza dawa mwezi baada ya mwezi, kisha akaambiwa kuwa dawa inamkubali, lakini kwa kukawia.

Tumeyaona haya kwa kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu alipokuwa mdogo. Sasa ni mtu mzima, na kazi yake ni kupakia na kupakua mizigo ya malori yanayovuka kwenda Nakonde. Alianza kwa kuchoka, kutoka jasho usiku, kukonda, na kuhisi uzito upande wa kushoto wa tumbo. Watu walidhani ni malaria, kwani malaria nayo huvimbisha bandama. Hatimaye alipimwa damu, zikaonekana chembe nyeupe zimezidi mara nyingi kuliko kiasi chake, akapelekwa Dar es Salaam, akaanzishiwa dawa. Ulipotimia mwezi wa sita mama yake alinijia, akasema: "Maalim, hivi vidonge vimeshindwa. Mwenzake walioanza pamoja ameambiwa damu yake ni njema, mwanangu bado. Kuna mzee ana mizizi yake; nataka tuviache vidonge twende kwake." Nikamwuliza: "Dada yangu, daktari alikuambia vimeshindwa, au vinakawia?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Alisema vinakawia."

Ndugu wasomaji, kushindwa ni jambo moja na kukawia ni jambo jingine, na asiyeyatenga mawili haya aweza kumwangamiza mgonjwa wake huku akidhani anamwokoa.

Yafaa kwanza tujue maradhi haya ni nini. Huanzia katika uboho wa mifupa, mahali inapotengenezwa damu. Mwaka 1960 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Nowell na David Hungerford, waliona ndani ya chembe za wagonjwa hawa kromosomu moja fupi isiyo ya kawaida, ikaitwa kwa jina la mji wao, Philadelphia. Mwaka 1973 Bibi Janet Rowley wa Chicago akabainisha asili yake: vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana mahali. Kutokana na mabadilishano hayo hutokea kitu kiitwacho BCR-ABL, ambacho ni kama amri mbovu inayoushurutisha uboho kutoa chembe nyeupe bila kikomo. Kisha mwaka 2001 ikaidhinishwa huko Marekani dawa ya imatinibu, ambayo wengi huijua kwa jina la Glivec, nayo kazi yake ni kuizuia amri ile. Zamani wagonjwa wengi waliishi miaka michache tu tangu kugunduliwa maradhi. Leo wengi wanaoitumia dawa ipasavyo huishi, hufanya kazi na kulea watoto wao. Tazameni basi: tangu kuonekana alama ile hata kupatikana kidonge ilipita miaka 41. Waliotafuta hawakuacha njiani kwa kuwa jambo limekawia.

Ama kukawia kwa dawa, madaktari wana vipimo vyake. Chembe za damu hutarajiwa kurudi katika hali ya kawaida katika miezi 3 ya mwanzo. Kisha hupimwa ile BCR-ABL yenyewe, kwa hesabu ya sehemu katika mia. Miezi 3 ikitimia hupendelewa isizidi 10 katika mia. Miezi 6, isizidi 1. Na mwaka mzima, isizidi moja katika elfu. Aliye juu kidogo ya vipimo hivi hupewa onyo, hupimwa tena, na huangaliwa kwa karibu zaidi. Ama akiwa bado juu ya 10 katika mwezi wa 6, au juu ya 1 mwaka ukiisha, hapo daktari huona kuwa dawa ile haikutosha, naye hufikiri kuibadili. Dawa nyingine za jamii hiyo zipo, kama dasatinibu na nilotinibu.

Kijana wetu alikuwa na 16 katika mwezi wa 3, na 4 katika mwezi wa 6. Mama aliona 4 haijawa 1, akalia. Wala hakuona kuwa 16 imekwisha kuwa 4. Sisi watu wa mpakani twaijua foleni ya malori. Dereva aliye nyuma sana huchelewa kuliko wenziwe, lakini maadamu gari lake linasogea, atafika. Akitoka kwa hasira hupoteza hata pale alipokuwa amefika.

Lakini subira si kukaa kitako. Dawa ikikawia yatupasa tuulize sababu, na sababu ya kwanza ya kuchunguza ni kumezwa kwenyewe. Mwaka 2010 ulitolewa uchunguzi uliofanywa London, ambapo wagonjwa walipewa chupa za dawa zenye kifaa cha kuhesabu kila zinapofunguliwa. Ilionekana kuwa walioacha siku 3 au zaidi katika kila 30 walipata nafuu ndogo mno kuliko wenzao. Tulipovihesabu vidonge vya kijana wetu pamoja na mama yake, tulikuta vimebaki vingi kuliko tarehe. Kumbe asubuhi alizotoka bila kula alikiacha kidonge, kwani kikimkuta na tumbo tupu humtia kichefuchefu. Dawa hii humezwa pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji. Daktari wake akakubali aihamishie kwenye chakula cha jioni, na tangu hapo mama huweka alama katika kalenda kila usiku.

Sababu ya pili ni vitu vinavyogombana na dawa. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza nguvu. Tunda la balungi laweza kuizidisha mwilini kupita kiasi. Na mizizi ambayo hatuijui yaweza kufanya lolote katika hayo. Kila kinachomezwa nyumbani daktari na aambiwe, bila haya wala khofu. Na ya tatu, wako wanaomeza bila kukosa hata siku moja na bado dawa ikawakawilia, kwa sababu chembe zenyewe za maradhi zimegeuka. Huyu hana kosa, na ni dhulma kumnyoshea kidole. Yeye aambiwe arudi kwa daktari, si kwamba imani yake ni haba.

Hapana budi tuutaje na umbali. Kutoka Tunduma mpaka Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road, ni zaidi ya kilomita 900. Wagonjwa wengi wa maradhi haya katika nchi kama zetu wamepata dawa bila malipo kwa mpango wa kampuni ya Novartis na taasisi ya Max Foundation, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini kidonge cha bure hakimlipii mtu nauli, wala malazi, wala siku za kazi alizozikosa. Wangapi huahirisha safari mpaka dawa ikaisha, kisha tukasema dawa haifai! Hapa ndipo penye kazi ya jirani, ya jamaa na ya watu wa msikiti. Anayemchangia mgonjwa nauli kabla kopo halijawa tupu amemtibu kwa mkono wake.

Nanyi vijana, msimkimbie mwenzenu. Maradhi haya hayaambukizi kwa kula pamoja, wala kwa kulala chumba kimoja, wala si ya kurithiwa kama watu wanavyonong'ona. Ila mwanamke aliye katika dawa hii asishike mimba kabla ya kushauriana na daktari.

Na kwa kuwa wengi hutuuliza habari ya Ramadhani: dawa humezwa mara moja kwa siku, na wako ambao daktari huwaruhusu waimeze wakati wa kufuturu. Akikataa daktari mjuzi, basi ruhusa ya mgonjwa kutofunga ni rehema ya Mola wetu, wala haifai mtu kuikataa kwa kuogopa macho ya watu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliamrisha watu wajitibu, na alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Nabii Ayyub naye, aliyesifiwa kwa subira, alimwomba Mola wake amwondolee dhara. Kuomba nafuu hakukuipunguza subira yake.

Basi mwenye mgonjwa nyumbani ashike mambo haya: kidonge kisikosekane hata siku moja, na kikisahauliwa kisimezwe maradufu siku ya pili, tarehe ya kipimo isivukwe, mgonjwa asilinganishwe na mwenziwe, bali kipimo chake cha leo kilinganishwe na chake cha jana, na dawa isiachwe wala kubadilishwa ila kwa kauli ya daktari.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape wanaowauguza nguvu na moyo mpana. Amin.