Nozeli Zinasingiziwa

Gari la dizeli likianza kuwa zito, kila mtu ana jibu tayari. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliendi. Mlima uliouzoea kwa gia ya nne sasa unadai ya pili, na lori la mchanga linakupita. Unaingia gereji, fundi anasikiliza kidogo, kisha anatikisa kichwa: "Bosi, nozeli hizo. Na pampu nayo imechoka." Dereva aliyekaa pembeni anaunga mkono. Ukirudi nyumbani, jirani naye anaunga mkono. Kuanzia Shaurimoyo pale Ilala hadi Grogan jijini Nairobi, hukumu ni hiyo hiyo, na mara nyingi hutolewa kabla boneti haijafunguliwa.

Imani hii ni mbovu. Inawafilisi watu, na kuna injini nzima zilizokufa kwa sababu yake.

Tufanye hesabu ambayo haifanywi gereji. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 830 hivi, na kila gramu inahitaji takriban gramu 14.5 za hewa ili iungue yote. Hizo ni kilo 12 za hewa, na kwa joto la Dar es Salaam hewa hiyo inajaza nafasi ya zaidi ya lita 10,000. Na hicho ni kiwango cha chini kabisa, kwa kuwa injini ya dizeli hutembea na hewa ya ziada. Sasa gari likikosa nguvu, kwa nini tumkamate huyu wa lita moja, na yule wa lita elfu kumi aachwe bila hata kuulizwa?

Chukua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2. Haina turbo, inavuta hewa kwa pumzi yake. Itoe Dar, ipandishe Kitonga, uifikishe Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na pwani, na nguvu ya injini inashuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hakuna kilichoharibika. Mwenye gari akilalamika Njombe mjini kwamba gari limechoka, anaweza kuuziwa nozeli sita kwa kosa la milima ya Nyanda za Juu.

Kwenye magari yenye turbo hali ni mbaya zaidi, maana hewa hupita safari ndefu. Turbo inaisukuma, inapita kwenye mipira, inapoozwa kwenye intakula, inapita mipira mingine, ndipo inaingia kwenye injini. Ile mipira inapikwa na joto kwa miaka huku ikilowa ukungu wa oili kwa ndani. Ikichoka hupasuka, na mara nyingi hupasuka upande wa chini, karibu na klipu, mahali ambapo jicho halifiki. Gari likiwa limesimama ufa umejifunga na huwezi kuusikia. Ukipanda mlima na turbo ikaanza kusukuma, ufa unafunguka na hewa inamwagika nje. Injini imekwisha kuhesabiwa mafuta ya hewa ile ambayo sasa haifiki, kwa hiyo mafuta yanazidi na moshi mweusi unatoka. Fundi anauona moshi, anasema nozeli zinamwaga.

Moshi mweusi unasema jambo moja tu: mafuta yamekuwa mengi kuliko hewa. Hausemi kati ya hivyo viwili kipi kimekosea.

Ufa huo unapatikana kwa kazi ndogo sana. Pitisha kidole chini ya mpira, hasa kwenye mikunjo na kwenye klipu. Penye ufa utakuta utando mweusi wa oili uliogandamana na vumbi, mnene, ukifutika unaacha mstari. Kama hauonekani, ziba mwanzo wa njia ya hewa, ingiza upepo mdogo wa kompresa, kisha paka maji ya sabuni. Povu likichemka mahali, umeshapata. Nozeli hazijaguswa, na gari linaondoka na nguvu zake.

Baada ya hewa, tazama njia ya mafuta kabla ya kufika kwenye pampu. Injini kama 1KD ya Hilux na Prado haina pampu ya kusukuma kutoka kwenye tangi. Pampu ya mbele inanyonya yenyewe, dizeli inapita kwenye filta kwanza. Filta ikiziba, pampu inanyonya bila kushiba. Mfuniko wa tangi nao ukiziba tundu lake la kupumulia, tangi linajinyonga. Ufungue, uendeshe kidogo, uone kama gari linarudi. Kuna pia mipira ya mafuta inayovuta hewa kwenye viungio. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, washa injini, uangalie. Vipovu vikipita, umepata mchawi wako.

Sitakaa sana kwenye mengine: breki inayoshika gurudumu, egzosi iliyoziba, valvu ya EGR iliyojaa masizi ikagoma kufunga. Yote hayo hulifanya gari liwe zito, na yote huangaliwa bila kufungua nozeli hata moja.

Watu hunijibu kwamba mbona walibadilisha nozeli na gari likapona. Naam, lilipona. Lakini uliza siku ile ilifanyika nini kingine. Fundi anayetoa nozeli anabadilisha filta ya dizeli. Anafungua mipira ya hewa ili apate nafasi ya mikono, na akiirudisha anazikaza klipu zilizokuwa zimelegea. Anapuliza chujio la hewa kwa sababu limo njiani. Gari linatoka likiwa na nguvu, na sifa zote zinakwenda kwa nozeli zilizolipiwa pesa nyingi. Filta inapata sifa ya kutupwa kwenye ndoo. Hivi ndivyo imani isiyo na msingi inavyojipatia mashahidi kila wiki.

Zamani imani hii ilikuwa na chembe ya ukweli. Enzi za 2L na 3L, pampu ilikuwa ya kimakanika, nozeli zilifunguliwa kwa kanieneo ndogo, na fundi mwenye sikio zuri aliweza kutambua silinda iliyolegea. Injini za leo zinasukuma mafuta kwenye reli kwa kanieneo inayozidi mara elfu moja ya ile ya hewa tunayovuta, na matundu ya nozeli yana upana wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Ukizifungua chini ya mwembe, vumbi linaingia, na sasa nozeli iliyokuwa nzima ina ugonjwa. Ukirudisha washa za shaba zilezile kuukuu, moto wa silinda unavuja pembeni mwa nozeli na kuingia kwenye oili. Kwenye 1KD tabia hiyo inajulikana: masizi yanaziba chujio la oili ndani ya sampu, oili haipandi, injini inakufa kabisa. Mtu alienda kutafuta nguvu akarudi na injini ya kutupa.

Wale wanaojiona wa kisasa kwa kuwa na mashine ya kupimia nao wasijitoe kimasomaso. Mashine ikionyesha P0087 imesema kanieneo kwenye reli iko chini, basi. Filta iliyoziba inaleta namba hiyo hiyo, na mpira unaovuta hewa vilevile. Kusoma namba na kuuza pampu papo hapo ni kukisia kwa kutumia umeme.

Sisemi nozeli hazifi. Zinakufa, hasa kwa dizeli chafu na maji. Lakini nozeli inapimwa ikiwa imefungwa palepale ilipo. Toa mipira midogo ya mafuta yanayorudi, iunganishe kila mmoja na chupa yake ya plastiki, washa injini na uiache ingurume bila kukanyaga mafuta. Chupa moja ikijaa haraka kuliko nyingine, nozeli ile inavuja ndani na sasa una haki ya kuihukumu, yenyewe peke yake, bila kuziadhibu nyingine. Kipimo hiki kinahitaji chupa nne na uvumilivu kidogo. Fundi anayekataa kukifanya hana sababu ya kuaminiwa na pesa yako.

Hata hivyo lawama zote nisimtupie fundi. Sisi wenye magari tumezoea kulipia spea na kukataa kulipia kupima. Fundi akitumia asubuhi nzima kutafuta ufa wa mpira na kuukuta, tunamwambia "hiyo ni kazi gani, umekaza klipu tu," tunampa ya soda. Akituuzia nozeli nne tunalipa bila ubishi kwa sababu tumeona mzigo. Kwa malipo ya namna hiyo, fundi mwaminifu analala njaa na mkisiaji anajenga nyumba.

Kwa hiyo ukifika gereji wiki hii na gari linaloburuza miguu, kubaliana kwanza bei ya kupima, na uilipe hata kama kilichopatikana ni klipu iliyolegea. Taja utaratibu: hewa, filta, mipira ya mafuta, halafu chupa. Ukiambiwa nozeli zimekufa, omba kuziona hizo chupa.