Heshima ya wakimbiaji italindwa kwa vipimo

Tarehe 23 Oktoba, 2025, Kitengo cha Uadilifu wa Riadha cha dunia kilitangaza kwamba mkimbiaji mashuhuri wa Kenya, Bibi Ruth Chepng'etich, amefungiwa kushiriki mashindano kwa muda wa miaka mitatu. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 13 Oktoba, 2024, Bibi huyo alimaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 56, akawa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya saa 2 na dakika 10. Rekodi ya awali, iliyowekwa na Tigst Assefa wa Ethiopia mjini Berlin mwaka 2023, ilipunguzwa kwa dakika 1 na sekunde 57. Katika mbio ambazo rekodi huvunjwa kwa sekunde chache, tofauti hiyo iliwashangaza hata waliomshangilia.

Pale pale Chicago, mara baada ya mbio, mwandishi wa habari wa Marekani alimwuliza Bibi huyo angewaambia nini watu wanaodhani kwamba mwendo ule haukuwa wa kawaida. Nchini Kenya wengi walilichukua swali hilo kuwa ni tusi kwa taifa zima. Viongozi wa riadha wakatoa taarifa ya kumtetea, na aliyetilia shaka akaonekana ni mtu mwenye kijicho asiyependa kumwona Mwafrika akishinda.

Miezi mitano baadaye, tarehe 14 Machi, 2025, sampuli ya mkojo wa Bibi Chepng'etich ilichukuliwa. Ndani yake ilikutwa dawa iitwayo haidroklorothiazidi, nanogramu 3,800 katika kila mililita moja, wakati kiasi kinachotosha kumfanya mtu aripotiwe ni nanogramu 20 tu. Dawa yenyewe si ya ajabu. Ni kidonge cha kuongeza mkojo ambacho wazee wengi wanaotibiwa shinikizo la damu katika hospitali na zahanati za Tanzania wanakifahamu. Hakimwongezei mkimbiaji mbio. Kimekatazwa kwa sababu huufanya mkojo uwe mwepesi, na hivyo dawa nyingine iliyomo mwilini yaweza kufichika isionekane na wapimaji. Mwanzoni Bibi Chepng'etich hakuweza kueleza dawa hiyo iliingiaje mwilini mwake. Baadaye akasema kwamba aliugua, akameza vidonge vya mtumishi wake wa nyumbani bila kuvikagua. Wachunguzi hawakuyasadiki maelezo hayo, na mwisho alikiri kosa. Matokeo yake ya kabla ya siku ile ya Machi hayakufutwa, na kwa hiyo rekodi ya Chicago ilibaki vitabuni, lakini imebaki kama nyumba iliyohamwa.

Kwa msomaji wa Musoma, Bunda au Butiama, jambo hili si la ng'ambo. Mkoa wa Mara unapakana na Kenya, na kutoka Sirari kuingia nchi hiyo ni hatua chache. Zaidi ya hayo, Mara ni nyumbani kwa mmoja wa wakimbiaji wakubwa kabisa ambao Tanzania imewahi kuwa nao. Ndugu Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, alileta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na kuirudia tena mwaka 1988. Medali hiyo na ile ya Ndugu Filbert Bayi, ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, iliyopatikana katika michezo hiyo hiyo, ndizo mbili pekee ambazo Tanzania ilizipata katika Olimpiki hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024. Mkoa wenye historia ya namna hiyo hauwezi kuitazama riadha kama mchezo wa majirani.

Yafaa kwanza ieleweke kosa lenyewe ni nini, maana maneno "dawa za kuongeza nguvu" hutumiwa ovyo, kana kwamba mkimbiaji hunywa kikombe cha kitu fulani asubuhi na jioni akapata mbawa. Katika mbio ndefu, adui wa mkimbiaji ni upungufu wa oksijeni katika misuli. Oksijeni hiyo hubebwa na chembe nyekundu za damu. Figo za binadamu hutoa kichocheo kinachoamuru chembe hizo zitengenezwe, na wataalamu walipofaulu kukitengeneza kichocheo hicho katika maabara kwa ajili ya wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu, haukupita muda mrefu kabla ya wanamichezo kukigundua. Kinaitwa EPO kwa kifupi. Mtu mzima mwenye afya anapodungwa EPO, damu yake hubeba oksijeni zaidi na uchovu huchelewa kumfika. Lakini damu hiyo huwa nzito, na moyo hulazimika kuisukuma kwa taabu, kiasi cha kuhatarisha maisha. Dawa iliyotengenezwa kumwokoa mgonjwa ndiyo inayoweza kumwua mzima.

Kwa dawa hiyo hiyo wameanguka wakubwa wengi. Bibi Rita Jeptoo, aliyewahi kutamba Boston na Chicago, alikutwa nayo mwaka 2014. Bibi Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya marathoni katika Olimpiki, mjini Rio mwaka 2016, alikutwa nayo mapema mwaka 2017. Yeye alifungiwa miaka minne, kisha adhabu ikaongezwa hadi minane ilipothibitika kwamba hati za hospitali alizozitoa kujitetea hazikuwa za kweli. Bwana Wilson Kipsang, aliyepata kushika rekodi ya dunia, hakukutwa na dawa yoyote. Alikosekana mara kwa mara mahali alipokuwa amewaandikia wapimaji kwamba atapatikana, na ili kueleza kwa nini alikosekana mwezi wa Mei, 2019, alileta picha ya ajali ya barabarani ambayo ilikuwa imetokea mwezi wa Agosti. Naye Bwana Lawrence Cherono, mshindi wa Boston na Chicago mwaka 2019, alidai kwamba alimeza kidonge cha mkewe. Katika mashauri haya, wakimbiaji humeza dawa za kila mtu nyumbani isipokuwa zao wenyewe.

Anayeibiwa hapa si mzungu wa Chicago. Mwaka 2014 Bibi Jeptoo alivuka mstari wa Boston wa kwanza, na nyuma yake akaja Buzunesh Deba wa Ethiopia. Ushindi wa Jeptoo ulipofutwa mwaka 2016, Deba alitambuliwa kuwa mshindi, lakini fedha za ushindi hakuzipata. Alingoja miaka. Mwaka 2024 mtu mmoja wa Marekani asiyehusika, aliyesoma habari zake gazetini, aliguswa moyo akamlipa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Mwanamke wa Afrika Mashariki alinyang'anywa siku yake na mwanamke mwenzake wa Afrika Mashariki, na haki yake ikaja kama sadaka. Wale wanaodhani kwamba kumtetea mkimbiaji wa nyumbani kwa kila hali ni uzalendo wajiulize ni Mwafrika yupi wanayemtetea, na ni yupi wanayemzika.

Ni kweli kwamba lawama zinazotoka nchi tajiri mara nyingi zina harufu ya dharau. Si Wakenya waliobuni udanganyifu huu. Ujerumani Mashariki iliwalisha vijana wake dawa kwa mpango wa serikali, na baadhi yao hawakuambiwa wanameza nini. Urusi ilifungiwa riadha nzima mwezi wa Novemba, 2015. Bwana Alberto Salazar wa Marekani, aliyeshinda marathoni ya New York mara tatu mfululizo na baadaye kuwa kocha wa wakimbiaji wenye majina, alifungiwa miaka minne mwaka 2019. Mtu akitaka kuhesabu wanafiki wa ng'ambo hatakosa wa kuwahesabu. Lakini hesabu hiyo, hata ikiwa sahihi, haisafishi sampuli hata moja iliyochukuliwa Afrika Mashariki.

Kuna faraja nyingine ya uongo ambayo Watanzania wanapenda kujipa, nayo ni hatari zaidi kwa kuwa inasikika kama sifa. Husemwa kwamba orodha ya waliofungiwa imejaa majina ya Kenya, na kwamba Watanzania ni wachache mno, kwa hiyo Tanzania ni safi. Hoja hiyo ina kasoro kubwa. Kenya inakamata wengi kwa sababu inapima wengi. Ilitunga sheria yake ya kuzuia dawa hizo mwaka 2016. Maabara ya kupima damu ya wakimbiaji ilifunguliwa Nairobi mwaka 2018. Mwishoni mwa mwaka 2022, ilipokuwa karibu kufungiwa nchi nzima, serikali yake iliahidi kutoa dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano ili kazi hiyo iimarishwe. Aibu ya majina yanayotangazwa ni ya kweli, lakini ni aibu ya mtu aliyeamua kuwasha taa chumbani mwake. Chumba kisichowashwa taa hakisemwi kuwa ni kisafi.

Na saa ya kuwasha taa imefika, kwa kuwa Tanzania imerudi mbele. Tarehe 15 Septemba, 2025, mjini Tokyo, askari wa Jeshi la Wananchi, Ndugu Alphonce Simbu, alishinda marathoni ya dunia kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, na ilibidi picha itazamwe ndipo ijulikane kwamba Mtanzania ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Hiyo ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya riadha ya dunia. Mtu wa namna hiyo, aliyefanya kazi miaka mingi kabla ya kuufikia ushindi kama huo, ndiye anayedhulumiwa shaka linapoenea bila mpaka. Hana namna ya kuthibitisha kwa maneno kwamba hakumeza kitu. Shahidi wake ni kipimo, tena si kile cha siku ya mashindano, bali cha alfajiri moja isiyotangazwa, nyumbani, wakati wa mazoezi, ambapo mdanganyifu angekuwa anafanya kazi yake.

Mkenya mmoja amelielewa hilo kuliko viongozi wengi. Bwana Sabastian Sawe, kabla ya marathoni ya Berlin ya Septemba, 2025, aliomba mwenyewe apimwe zaidi ya kawaida, na kampuni ya viatu inayomdhamini ikalipa gharama. Alipimwa mara 25 katika muda wa miezi miwili hivi, kisha akashinda kwa saa 2 dakika 2 na sekunde 16. Hakumtukana aliyeshuku.

Fedha ndiyo chanzo, na mwenye kuikwepa habari hiyo anazungumza na hewa. Ushindi mmoja ng'ambo waweza kumjengea nyumba kijana wa kijijini na kuwasomesha nduguze wote, wakati wa nne kwenye mbio hizo hizo hurudi na nauli. Katika pengo hilo ndimo huingia daktari asiye na jina, mwuza dawa wa uchochoroni na rafiki ajuaye sindano. Kila mji wa Tanzania sasa unataka kuwa na marathoni yake. Penye zawadi ya fedha patakuwa na kishawishi, hata kama zawadi yenyewe ni ya shilingi na si ya dola.

Kwa hiyo kazi haianzii Tokyo wala Chicago. Inaanzia kwa mwalimu wa michezo anayewaandaa watoto kwa UMITASHUMTA na UMISSETA. Mwanafunzi wa Majita au wa Buswahili mwenye mapafu ya marathoni hajui kwamba kanuni za riadha humwajibisha mkimbiaji kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, awe alikusudia au hakukusudia. Hajui kwamba sindano ya kutuliza maumivu ya goti, anayoweza kudungwa kwa nia njema kabisa katika zahanati, imo katika kundi la dawa ambazo tangu tarehe 1 Januari, 2022, zimekatazwa kwa njia yoyote ya sindano wakati wa mashindano. Mwalimu anaweza kumfundisha jambo moja dogo: kuuliza jina la dawa, kuliandika, na kumwambia mganga kwamba yeye ni mkimbiaji. Mganga na mwuzaji wa duka la dawa muhimu nao hawana budi kujua kwa nini wanaulizwa.

Baraza la Michezo la Taifa na Shirikisho la Riadha Tanzania wana sehemu yao iliyo nzito zaidi. Semina siku mbili kabla ya timu kusafiri si elimu. Wakimbiaji wa Arusha, Manyara, Singida na Mara wanaoanza kupata mialiko ya nje wapimwe hapa nchini wakiwa mazoezini, na gharama ya vipimo iandikwe katika bajeti ya timu pamoja na nauli na sare. Waandaaji wa marathoni za mijini wanaotoza viingilio watenge sehemu ya fedha hizo kwa kazi hiyo, na atakayekutwa na kosa jina lake litangazwe hapa kabla halijatangazwa na wageni. Msimu wa michezo ya shule hurudi kila mwaka. Maofisa michezo wa wilaya za Mara hawahitaji kungoja waraka ili kumwalika mganga wa wilaya azungumze na watoto hao kwa saa moja.