Hewa ikikosa shimoni, hatusemi mchimbaji ni mvivu

Watoto wa mwaka wa mwisho wa sekondari, katika nyumba za wachimbaji, wanajua sentensi moja vizuri kuliko somo lolote: «Mie nashinda mu shimo juu yako, usiniletee sifuri.» Baba anaisema kwa mapendo. Mutoto anaisikia kama deni.

Na deni ni la kweli. Masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi tu. Minerval ya sekondari inatoka mfukoni mwa muzazi, na Rubaya ao Bisie mfuko ule unajazwa na koltani na kasiteriti. Juu yake kuna pesa ya Exetat. Halafu vita: M23 walichukua Rubaya 2024, wakaingia Goma mwezi wa kwanza 2025, Walikale mwezi wa tatu. Wako wanafunzi walioanza masomo Masisi, wakaendelea kambini pembeni ya Goma, kambi ikavunjwa, wakarudi nyumbani bila hata daftari. Lakini mtihani haubadiliki: siku nne, na asiyefika 50 kwa 100 hapati diploma.

Sasa angalia mutoto ule. Usiku halali. Kitabu kiko kwenye ukurasa mmoja tangu juzi. Tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule, wanapima malaria, hakuna kitu. Alipenda mpira, siku hizi hata kuangalia haendi. Tunasema ni uvivu, ao amerogwa, apelekwe chumba cha maombi. Mie sikatazi maombi. Lakini hofu na huzuni za namna ile, zikipita wiki mbili bila kupungua, zinaweza kuwa ugonjwa, na ugonjwa ule unatibiwa. Goma kuna kituo Tulizo Letu cha Mafrera wa Charité, kinachotunza wagonjwa wa namna hii. Kama barabara haipitiki, anza na muganga wa kituo cha afya cha karibu.

Wachimbaji, ninyi mnajua. Mtu akipiga kelele toka chini kwamba hewa imekwisha, PDG wa shimo hamwambii ajikaze. Anavutwa kwanza, mambo ya koltani yatakuja nyuma. Na boiseur anasimamisha miti mbele udongo haujaanguka.

Halafu ile pudre! Matokeo yakitoka, mtaa mzima unawapaka waliofaulu, nyimbo, pikipiki, makelele. Ni furaha yetu, nami naipenda. Lakini asiyepakwa anajifungia ndani siku ile, na wengine wanakimbilia machimbo bila kuaga mtu. Mutoto akisema «bora nife», usimcheke, usimpige. Usimuache peke yake, ondoa dawa za sumu nyumbani, mfikishe kwa muganga siku ile ile.

Kwa hiyo, papa, mama, mwambieni sasa, mtihani ungali mbele, kwamba akianguka atarudia na sahani yake itabaki. Msichana apunguziwe maji na kuni miezi hii. Mara nyingi kaka yake anasoma huku yeye yuko mtoni.

Na ninyi ma-prefe, acheni kusoma majina ya wenye deni la minerval mbele ya drapo, wenzao wote wakisikia. Deni ni la baba. Mumwite baba.