Rangi Njema na Sumu Iliyofichika

Siku za Idi zinapokaribia, hapana duka wala kibanda kisichotandaza vitu vya kuchezea watoto: vigari vyekundu, wanasesere, zumari, mikufu na bangili za kung'aa. Mzazi huuliza bei, mtoto huchagua rangi, na wote wawili hurejea nyumbani na furaha. Furaha hiyo ni halali yao, wala hatukushika kalamu ili tuiharibu. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake, akicheza nao pamoja na wenziwe, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Mchezo ni haki ya mtoto. Neno letu la mwezi huu ni juu ya kile kilichochanganywa ndani ya rangi na plastiki ya vitu hivyo, kwani huko imo hatari isiyoonekana kwa jicho.

Hatari iliyo kubwa ni madini ya risasi. Tangu zamani watengenezaji wameyatia katika rangi ili ing'ae, ikauke upesi na idumu. Manjano na nyekundu zile za kuwaka zimetengenezwa kwayo kwa wingi. Sasa mtoto mdogo huijua dunia kwa mdomo wake. Hung'ata kigari, hulamba vidole, na rangi ikibanduka huimeza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hapana kiasi chake kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mwili huidhania kuwa ni kalsiamu, ukaiweka akiba katika mifupa, na katika viungo vyote ubongo unaokua ndio upatao hasara kubwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1904 huko Brisbane, Australia, daktari wa macho jina lake Lockhart Gibson aliandika kwamba watoto aliowatibu walidhuriwa na rangi ya baraza na kuta za nyumba zao wenyewe. Jua liliigeuza rangi kuwa unga, unga ukashika mikononi, na mikono ikaenda mdomoni. Ilipita miaka 18 ndipo jimbo la Queensland likaweka sheria juu yake, mwaka 1922. Marekani nayo haikupiga marufuku rangi ya namna hiyo katika nyumba na vitu vya watoto hata mwaka 1978.

Na baada ya sheria, je, hatari ilikwisha? Mwaka 2006 mtoto wa miaka 4 katika mji wa Minneapolis, Marekani, alimeza kidani kidogo chenye umbo la moyo, kilichotolewa zawadi kwa wanunuzi wa viatu. Alifariki, na kidani kilipopimwa kikaonekana karibu chote ni risasi. Mwaka uliofuata, 2007, kampuni ya Mattel ililazimika kuvirudisha kutoka madukani na majumbani vitu vya kuchezea karibu milioni moja na nusu kwa ajili ya rangi yenye risasi. Hapo mwaka 2008 Marekani ikatunga sheria kali zaidi, kwamba rangi ya vitu hivyo isizidi sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja. Ikiwa nchi yenye maabara na wakaguzi wengi imepitiwa na haya, sisi tunaonunua vitu visivyo na jina la aliyevitengeneza yatupasa tuwe macho zaidi.

Wako wasemao: "Mbona sisi tulicheza na kila kitu, na tumekua?" Hili ni swali la haki, na jibu lake ndilo kiini cha maneno yetu. Risasi kidogo kidogo haimwangushi mtoto kitandani. Humwacha akicheka na kukimbia kama wenziwe, lakini humpunguzia akili, humfanya asitulie, na somo alilosikia asubuhi humtoka jioni. Hapo mzazi humwita mvivu, mwalimu humwita mzito wa kichwa, na pengine bakora huinuliwa. Nani atakumbuka kigari cha manjano alichokuwa akiking'ata alipokuwa na mwaka mmoja? Twaogopa sana, ndugu wasomaji, tusije tukampiga mtoto kwa kosa la rangi tuliyomnunulia wenyewe. Na akili iliyopotea kwa njia hii, tiba haiirudishi.

Plastiki nayo ina habari yake. Ili plastiki ngumu ilainike kama ngozi, hutiwa mafuta ya kikemia yaitwayo thaleti, na baadhi yake hudhuru nguvu za uzazi. Kwa ajili hiyo Umoja wa Ulaya mwaka 2005 ulipitisha sheria ya kuyazuia katika vitu vya watoto, na zaidi katika vile viwezavyo kutiwa mdomoni.

Wenye maduka nao tuna neno nao. Tumesoma habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini yake kuna maji. Alimkemea mwenye nafaka kwa kutouweka unyevu ule juu, watu wakauona. Rangi njema iliyofunika sumu ni nafaka ile ile. Mwuzaji asiyejua na aulize anakonunua. Na anayejua akanyamaza, hana udhuru.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, asinunue kitu kisicho na jina la mtengenezaji wala alama ya ukaguzi. Yako mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania bara, ZBS kwa Zanzibar na KEBS kwa Kenya, na ni haki ya raia kuyapelekea mashaka yake. Pili, kitu ambacho rangi yake inabanduka kiondolewe nyumbani, wala kisichomwe moto, kwani moshi wake nao hudhuru. Tatu, mikufu na vidani vya bei ndogo visipewe watoto wadogo, wala wasiachiwe chubwi za mvuvi na vipande vya betri za magari. Madini mazito na laini, yachorayo mstari wa kijivu juu ya karatasi, na yashukiwe. Nne, mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Tano, asishinde na njaa, kwani tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Maziwa, dagaa, maharagwe na mboga za majani humsaidia.

Na tusisahau wanja. Wanja mwingi uuzwao umekutwa na risasi, hata ule wenye jina zuri juu ya kopo lake. Mtoto mchanga hupakwa machoni, akajifikicha, akanyonya vidole. Mapenzi ya mama hayapungui akiuacha.

Mwenye mashaka juu ya mwanawe asingoje dalili. Ampeleke hospitali aulize juu ya kupimwa damu, kwa sababu hapana njia nyingine ya kujua kwa yakini.

Labda maskini atasema kwamba vilivyo salama ni ghali. Lakini mpira wa makuti, mwanasesere wa vitambaa safi, vifuu vya nazi na gari la mti usiopakwa rangi viliwafurahisha watoto wa pwani kabla hatujazaliwa, na bado vinafurahisha. Mtoto hakuomba kung'aa. Sisi ndio tuliomzoeza. Yeye ni amana mikononi mwetu, na mwenye amana huulizwa namna alivyoitunza. Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona kilicho chini ya rangi, na atulindie watoto wetu. Amin.